Elimu ya kuongoza vikundi ilianzia wapi?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wanawake hapa Msimbati, Mtwara. Tunafundishwa kuandika mihtasari, kutunza daftari la fedha na kuitisha mkutano mkuu. Je, elimu hii ililetwa na wafadhili?

JIBU: La, dada katibu. Nchini mwetu mzizi wake mkubwa ni ushirika. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1963 kikaanzishwa Chuo cha Ushirika Moshi, kufundisha watendaji wa vyama. Hata huko Marekani, University of San Francisco ilianza shahada yake ya uzamili ya kusimamia asasi zisizo za faida mwaka 1983, miaka 20 baadaye. Nayo sheria yetu ya asasi zisizo za kiserikali (NGO) ni ya 2002.

Ila msichanganye mambo: ushirika wa korosho huweza kuwagawia wanachama ziada, asasi isiyo ya faida huirudisha kwenye kazi yake. Kanuni hii inawafaa wote: anayeshika fedha asiwe ndiye anayezikagua, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Anzeni na hilo kabla ya kuandika andiko la kuomba ruzuku.