WASIA UANDIKWE MTU AKIWA NA AKILI TIMAMU



Katika somo la mirathi mwanafunzi mmoja alituuliza kwa nini hakupata kitu katika mali ya babu yake aliyemlea. Baba yake alitangulia kufariki. Babu naye alipofariki, aliacha watoto wawili wa kiume. Tulimjibu kama sheria ilivyo: mtoto wa kiume wa marehemu akiwa hai, mjukuu harithi. Jibu ni sahihi, lakini halikuturidhisha nyoyo, kwani babu angeweza kumuachia fungu kwa wasia. Tena alikuwa akisema kila mwaka kuwa ataandika.

Wasia hauvuki thuluthi ya mali, baada ya kutolewa gharama za mazishi na madeni. Mtu akiacha shilingi 9,000,000, na mazishi na madeni yakachukua 3,000,000, basi mjukuu wa namna hii aweza kuusiwa hadi 2,000,000. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua Makka alitaka kutoa zaidi, na Mtume (S.A.W.) akamuwekea mpaka katika thuluthi. Mke, mzazi na mtoto wana mafungu yao. Hawausiwi ila warithi wenzao waridhie.

Wengine husema, "Nitagawa mwenyewe nikiwa hai." Hiyo ni hiba, na ni jambo jema, ila aliyepewa lazima akabidhiwe. Hiba ya katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Na mzee akishapotewa na akili, wasia atakaoutoa hausihi, na hata wakala aliyemteua uwakala wake hukoma.

Madeni nayo yaandikwe, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Baqara, aya ya 282: anachodaiwa, anachodai, na amana za watu alizowekewa. Aonyeshe pia hati ya nyumba iko wapi. Kisha atie tarehe na saini mbele ya mashahidi wawili waadilifu, wasiokuwa miongoni mwa wanaousiwa. Huku Tanzania Bara, RITA huhifadhi wosia. Anayeuweka nyumbani amjulishe mtu muaminifu ulipo, maana sanduku huweza kufunguliwa baada ya mali kugawanywa.