Mafunzo Niliyopata Nikirudishia Kioo cha Nyuma cha Paa la Kitambaa

1. Adui ni mvuto. Kioo cha nyuma cha gari la paa la kukunja mara nyingi hushikiliwa na gundi tu, iliyopakwa ukingoni kati yake na kitambaa. Paa likifungwa, kitambaa hukazwa na kuvuta ukingo ule; likikunjwa, hupinda. Jua nalo huichosha gundi mwaka hadi mwaka. Kwenye gari la mjomba wangu hapa Mombasa, gundi ilianza kuachia upande wa juu, katikati, pale mvuto unapozidi. Ukipaka gundi mpya paa likiwa limekazwa, itavutwa kabla haijashika. Sisi tulifungua lachi za mbele tukaliacha paa limeinuka kidogo, mpaka kitambaa kikalegea na kukifikia kioo chenyewe bila kulazimishwa. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa hiyo, na hatukuwa tumefungua hata tyubu moja.

2. Silikoni ya madirisha ya nyumba ikae mbali. Mafundi wengi huikimbilia kwa sababu ni rahisi na iko kila duka. Haishiki vizuri kitambaa kinachovutwa, na ikishindwa huacha utando ambao gundi nyingine hazishiki juu yake. Tafuta gundi ya poliurethani, ile mafundi wa vioo wanayobandikia vioo vya mbele, pamoja na dawa yake ya kupaka kwanza.

3. Kusafisha kuchukue muda mrefu kuliko kubandika. Kwangua gundi ya zamani kwenye kioo kwa wembe, kisha futa kwa spiriti na kitambaa safi, ukigeuza upande kila mara. Nyaya nyembamba za kupasha kioo joto usiziguse kwa wembe. Zikikatika, ukungu hautaondoka tena upande huo. Ule ukanda mweusi unaozunguka kioo haukuwekwa kwa urembo pekee: unaikinga gundi dhidi ya miale ya jua. Gundi mpya ibaki ndani yake.

4. Weka ubao mnyoofu ndani na mwingine nje, weka nailoni katikati usigande, kisha bana kwa klampi taratibu. Kioo hiki kimepashwa joto kali kisha kupozwa haraka ili kiwe kigumu. Kikibanwa vibaya ukingoni hupasuka chote vipande vidogo. Ukikaza mno pia unaikamua gundi yote nje.

5. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, ikianzia nje kwenda ndani. Hewa ya pwani inasaidia, lakini tabaka nene bado litachelewa. Fuata muda ulioandikwa kwenye tyubu, kisha ongeza.

6. Si kila kioo ni cha gundi. Mazda MX-5 ya 1989 ilikuwa na dirisha la plastiki lenye zipu. Kioo halisi kilikuja na kizazi cha pili, mwaka 1998. Plastiki ni kazi ya cherehani. Na kitambaa kikishaoza nyuzi ukingoni, nunua paa jipya. Hakuna kitu cha kubandikia.

7. Siku ya kufunga lachi, mmoja avute paa mbele polepole, mwingine akae kiti cha nyuma akitazama ukingo wa juu. Ukionekana kuachia hata kidogo, legeza mara moja. Kupima uvujaji kwa maji ya mpira wa bomba kuje baadaye, yamwagwe kutoka juu, na kona mbili za chini zikaguliwe kwa mkono.