Dhikri ya Ulimi na Dhikri ya Moyo

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Hamdu zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Somo hili ni katika kubainisha jambo ambalo Waislamu wa pwani hulitenda kila siku, na wachache huulizana habari zake, nalo ni kukariri maneno ya dhikri hata moyo utulie kwayo. Mtu huketi msikitini baada ya Magharibi, tasbihi i mkononi, midomo yatikisika, vidole vyapitisha shanga moja baada ya moja. Ilhali moyo wake uko forodhani wahesabu magunia, au uko kwa mtu anayemdai. Shanga zatimia mia, naye hajui zilipitaje. Je, mtu huyu amemdhukuru Mola wake, au amehesabu shanga? Na ikiwa moyo haukuhudhuria, je, si kheri aache mpaka siku utakapohudhuria?

Suali hili la pili latangulizwa kujibiwa, kwa kuwa ndilo liwatoalo watu msikitini. Ibn Ataillah al-Iskandari, aliyefariki Misri mwaka 709 wa Hijra (1309), amelijibu katika Hikam zake, na muradi wa maneno yake ni kuwa mtu asiache. Kughafilika na dhikri yenyewe ni kubaya kuliko kughafilika ndani ya dhikri. Aliyeketi na ulimi wake mtupu angalau yu mlangoni, na mwenye nyumba aweza kumfungulia wakati wowote. Aliyeondoka atafunguliwa nani? Basi mtu na avute uradi wake pamoja na mghafala, atarajie kupandishwa hata penye kuamka, na kutoka hapo hata penye kuhudhuria.

Ama suali la kwanza, wanavyuoni wamelipambanua. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 (1277), amesema katika kitabu chake cha Adhkar kwamba dhikri huwa kwa ulimi na huwa kwa moyo, na iliyo bora ni ya vyote viwili pamoja. Na kama ni kimoja tu, basi ya moyo ni bora. Tena akasema kuwa makusudio ya dhikri ni kuhudhuria moyo, na kwa hiyo yampasa mwenye kudhukuru azingatie asemalo na afahamu maana yake. Lakini asije mtu akafanya hila kwa maneno haya, akafumba mdomo ndani ya Sala akadai kuwa asoma kwa moyo. Dhikri zilizoamrishwa kwa ulimi hazihesabiwi mpaka azitamke kwa kadiri ya kujisikia mwenyewe, ikiwa masikio yake ni mazima.

Jinsi neno linavyoteremka kutoka ulimini hata moyoni, aliyeieleza kwa uzuri ni Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 (1111), katika mlango wa Ihya unaotaja maajabu ya moyo. Mtu huketi mahali pa faragha, akawa akilitaja jina la Mwenyezi Mungu daima, na moyo wake akiuhudhurisha kwa jitihada. Hatimaye hufika hali ambayo hausogezi ulimi tena, bali huona kama kwamba neno lajipitia lenyewe. Kisha athari yake hutoweka ulimini, na moyo hukutwa ungali ukidhukuru. Kisha umbo la neno na herufi zake hufutika moyoni, ikabaki maana peke yake, imeganda nao haibanduki. Kufika mpaka hapo, asema, kumo katika hiari ya mja, na kudumu hapo kwa kuusukuma wasiwasi pia kumo katika hiari yake. Lakini yanayofunuliwa baada ya hapo hayamo mikononi mwake kabisa. Yeye amejiweka tu mahali ipitapo rehema, amekaa akingoja.

Maneno haya huwapendeza vijana sana, nao huyasoma nusu. Imamu Ghazali ametaja pia madai ya wanavyuoni wanaoitilia shaka njia hii: kwamba katika mashaka hayo akili huenda ikachafuka, na mwili ukaugua, na kwamba ni wangapi walioishika njia hii wakanaswa na dhana moja miaka 20, ambayo lau wangalitangulia kusoma elimu ingaliwatatukia papo hapo. Basi kijana asiyejua sharti za udhu wala nguzo za Sala, naye ajifungia chumbani kutafuta nuru, amepanda juu ya mnazi asioukatia vidato. Na aonaye rangi au kusikia sauti katika uradi wake asifurahi wala asihadithie barazani. Na amwendee sheikh mwenye elimu, na akikosa usingizi au chakula kikamshinda, apunguze uradi, amwone na tabibu. Hapana aibu katika hilo.

Njia iliyo salama huanza na maana. Mtu akitaka kukariri La ilaha illa Llah, na ajue kwanza kwamba ndani yake mna kukanusha na mna kuthibitisha. Nusu ya kwanza yafagia, na nusu ya pili yatandika. Katika kukanusha na akitoe moyoni kile kilichomkalia siku ile: mali, hofu ya mkubwa wake wa kazi, kijicho kwa jirani, katika kuthibitisha na aweke moyoni Mola mmoja. Kwa sababu hiyo walimu hukataza kulikata neno hili nusu kwa uchache wa pumzi. Mwenye kusema La ilaha akakoma ametamka kukanusha, na kuthibitisha hakukutamka. Na apime pumzi yake ili neno zima liingie ndani yake, asiikimbilie mia kama mwenye kufukuzwa na mvua. Wako watu hulila neno hata likawa sauti tu isiyo herufi, na hao uradi wao umekuwa mluzi.

Tena na achague neno liilekee hali yake. Mwenye dhambi imlemeayo, istighfari ndiyo dawa yake, na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (s.a.w.) mwenyewe akiomba maghufira zaidi ya mara 70 kwa siku. Mwenye kuogopa watu, na akariri Hasbuna Llahu wa niima lwakil, yaani Mungu atutosha. Mwenye neema ahimidi. Neno linalokutana na haja huingia moyoni upesi, kwa kuwa moyo nao una la kusema.

Mawazo yakimjia, nayo hayana budi kuja, asipigane nayo wala asianze kuhesabu upya kwa hasira. Ayaache yapite kama wapitavyo watu njiani mbele ya baraza, airejee maana. Kule kurejea mara 40 katika kikao kimoja ni kazi yenyewe.

Ama hesabu, watu wengi wameitukuza kupita kadiri yake. Zipo hesabu zilizothubutu, kama tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 33 baada ya Sala, na hizo hazichezewi. Lakini itazamwe habari ya Juwayriya, mama wa waumini, iliyomo katika Sahihi ya Muslim. Mtume alitoka kwake alfajiri naye yu katika msala wake akidhukuru, akarudi jua limekwisha panda, akamkuta papo hapo. Akamwarifu kwamba baada ya kuachana naye alisema maneno manne mara tatu, ambayo yakipimwa na yote aliyoyasema yeye tangu asubuhi yangaliyashinda uzito. Na maneno yale maana yake ni tasbihi na himdi kwa idadi ya viumbe vya Mungu, na kwa radhi yake, na kwa uzito wa Arshi, na kwa wino wa maneno yake. Mara tatu zikashinda asubuhi nzima. Katika mizani ile hazikuwekwa shanga.

Wala kukariri neno kwa kuutuliza moyo si jambo la Waislamu peke yao. Mabaniani wana maneno yao, huyaita mantra, huyahesabu kwa uzi wa shanga 108. Na Wakristo wa Kanisa la Roma wana rozari. Mwaka 2001 matabibu wa Italia waliwapima watu 23 wenye afya wakisoma rozari na wakisoma neno la mantra, wakaona kuwa pumzi zao zilipungua hata kiasi cha sita kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mpango mmoja nazo. Hili si la kushangaza, kwani mwili una fungu lake. Lakini Mwislamu asidhani kuwa utulivu wa pumzi ndio utulivu utajwao katika Surat Rraad, aya ya 28. Ule hutokana na kumkumbuka anayekumbukwa, wala si na mwendo wa mapafu. Mtoto bembeani naye hutulia.

Limebaki la sauti. Ahli za Kadiria na Shadhilia katika pwani hii hudhukuru kwa halaiki na kwa sauti, na masheikh wa zamani walikhitilafiana sana katika baadhi ya namna zake, khasa dhikri ya kukohoa. Hapa si mahali pa kuufufua ugomvi ule. Katika Sahihi mbili imo habari ya Abu Musa al-Ashari, kwamba sahaba waliinua sauti safarini, Mtume akawaambia wajihurumie, kwa kuwa wamwitaye si kiziwi wala hayuko mbali. Na imo pia fadhila ya kumtaja Mungu katika jamaa. Basi penye mgonjwa au mwenye kusali, sauti na ishuke. Penye jamaa waliokutana kwa Ratib ya Imamu Haddad baada ya Isha, na isikike kwa adabu. Imamu huyu wa Tarim, aliyefariki mwaka 1132 (1720), alipofuka utotoni kwa ndui, na Ratib yake ni fupi, hata mchukuzi aliyechoka aimaliza bila ya kusinzia.

Na mtu na ashike kidogo akidumishe, maana amali ipendezayo zaidi kwa Mungu ni ile idumuyo ijapokuwa chache. Akipitiwa na usingizi usiku, uradi wake ukampita, na ausome baina ya Sala ya Alfajiri na ya Adhuhuri. Huandikiwa kama aliyeusoma usiku, kama ilivyopokewa kwa Umar bin al-Khattab katika Sahihi ya Muslim.

Wallahu aalam.