Bomba Jembamba Halikupi Maji Mengi

Wengi wetu tukishatoka kwenye chumba cha mtihani tunaziacha kanuni za maji na msuguano humo humo. Ukikwepa sapu, basi, habari imeisha. Kumbe kanuni zile zile ndizo zinazoamua kama samaki wa nyumbani watakua au watakufa, na kama uniti za Luku zitafika mwisho wa wiki. Somo la leo lina swali moja: ukiwa na bwawa, pampu na chujio, ununue bomba la inchi ngapi?

Mfano wangu ni wa nyumbani kwetu Tunduma, mkoani Songwe. Mama anafanya biashara ndogo mpakani, na sehemu ya akiba yake aliiweka kwenye bwawa la sato nyuma ya nyumba. Lina urefu wa mita 4, upana mita 3 na kina mita 1. Zidisha, unapata mita za ujazo 12, yaani lita 12,000. Mtaani kwetu maji huja kwa mgao, kwa hiyo kumwaga na kujaza upya kila mara haiwezekani. Maji hayo hayo lazima yazunguke: yatoke bwawani, yapite kwenye chujio, yarudi.

Chujio lenyewe ni simtanki la lita 1,000 lililojazwa kokoto. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi, na ikizidi inawaua. Kwenye kokoto wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana. Bakteria hao wanahitaji maji yenye oksijeni yapite muda wote. Kipimo kinachofaa kwa bwawa kama hili ni maji yote kupita kwenye chujio mara moja kila saa 2. Hiyo ni lita 6,000 kwa saa, au lita 100 kwa dakika. Anza na namba hii kwanza. Bomba linafuata baadaye.

Fundi aliyekuja kupima alipendekeza bomba la inchi 1. Nikamuuliza sababu.

"Kwanza, mdomo wa pampu yenyewe ni inchi moja," akasema. "Pili, bomba likiwa jembamba presha inaongezeka, maji yanapanda vizuri. Hujawahi kuziba mpira kwa kidole, dogo?"

Hoja zote mbili nimezisikia kwa watu wengi, hata hapa chuoni, kwa hiyo tuzijibu moja moja.

Ukiziba mpira kwa kidole, maji yanaruka mbali kwa sababu yanatoka kwa kasi kwenye tundu dogo. Sasa weka ndoo. Itachelewa kujaa. Kasi imeongezeka, kiasi kimepungua. Chujio halina shida na maji kuruka mbali, linachotaka ni kiasi.

Kuhusu mdomo wa pampu, mtu wa Tunduma anaelewa haraka akifikiria malori ya mpakani. Geti likiwa jembamba lakini barabara baada yake ni pana, malori yakishapita yanaendelea na safari. Geti likifuatiwa na barabara nyembamba ya kilomita kumi, hapo ndipo pana kazi. Mdomo wa inchi 1 una urefu wa sentimita chache tu, hasara yake ni ndogo. Funga redyusa pale pale kwenye pampu, kisha endelea na bomba pana.

Sasa hesabu. Kutoka pampu hadi juu ya simtanki bomba lina mita 10 na elbo 4. Kila elbo ya kawaida hupoteza nguvu sawa na kipande cha bomba chenye urefu wa mara 30 hivi ya kipenyo chake. Kwa bomba la inchi 1, elbo 4 ni kama umeongeza mita 3. Kwa inchi 2 ni kama mita 6. Hasara ya msuguano tunaipima kwa mita za maji, yaani pampu inafanya kazi kana kwamba inapandisha maji juu zaidi ya unavyoona.

Nilitumia kanuni ya Hazen-Williams kwa bomba laini la plastiki, lita 6,000 kwa saa. Inchi 1 (kipenyo cha ndani milimita 25): kasi mita 3.4 kwa sekunde, hasara mita 5.9. Inchi 1 na nusu (milimita 40): kasi mita 1.3, hasara mita 0.7. Inchi 2 (milimita 50): kasi mita 0.85, hasara mita 0.25. Kwa urefu ule ule, ukiongeza kipenyo mara mbili, msuguano unashuka hadi kama sehemu 1 kati ya 29. Hapo ndipo pa kukariri.

Juu ya hasara hiyo jumlisha kimo halisi. Hupimwa kuanzia usawa wa maji ya bwawa hadi pale bomba linapomwaga, hata kama pampu imezama chini kabisa. Kwetu ni mita 1.5. Kwa hiyo pampu inakabili mita 7.4 kwa inchi 1, mita 2.2 kwa inchi 1 na nusu, na mita 1.75 kwa inchi 2.

Dukani kuwa makini na maandishi ya kwenye boksi. Pampu ikiandikwa lita 6,000 kwa saa na kimo cha juu mita 3, haimaanishi utapata vyote kwa pamoja. Lita 6,000 ni pale isipopandisha kabisa, na kwenye mita 3 haitoi hata tone. Tafuta mchoro wa pampu, usome lita zake kwenye kimo chako. Ukiifunga pampu hiyo kwenye bomba la inchi 1, haitafikia lita zako. Utaambiwa ununue kubwa zaidi.

Na kubwa zaidi inakula umeme. Tuseme ufanisi wa pampu ndogo ni asilimia 40. Kwa inchi 1 utahitaji wati 300 hivi, kwa inchi 1 na nusu wati 90, kwa inchi 2 wati 72. Pampu ya chujio haizimwi usiku. Tofauti ya inchi 1 na inchi 2 ni kama uniti 5.5 kwa siku, zaidi ya 160 kwa mwezi. Tofauti ya inchi 1 na nusu na inchi 2 ni uniti 13 tu kwa mwezi, kwa hiyo hapo mfuko wako ndio uamue.

Mama nilimsomea zote tatu. Akachukua inchi 2: "Bomba nanunua mara moja, Luku nanunua kila wiki."

Bado kuna maji ya kurudi. Kutoka kwenye chujio hadi bwawani hakuna pampu, maji yanashuka yenyewe. Bomba likiwa dogo, simtanki litafurika na bwawa litapungua. Hapo tumia bomba la inchi 4 la maji taka. Maji yatatembea taratibu, lakini yameshachujwa, hayana tope la kutuama. Upande wa pampu usipanue hadi huko, kwa sababu kasi ikishuka chini ya mita 0.6 hivi kwa sekunde, uchafu huanza kulala ndani ya bomba.

La mwisho dukani: bomba jeusi la poli hutajwa kwa kipenyo cha nje. Poli ya milimita 32 ndiyo huenda na inchi 1, ya 50 na inchi 1 na nusu, ya 63 na inchi 2. Ukiomba "la hamsini" ukidhani ni inchi 2, umepunjika bila kuibiwa.

Ukishafunga, pima. Kinga maji kwa ndoo ya lita 20 pale yanapoingia kwenye chujio, ukiwa na saa ya simu mkononi. Ikijaa kwa sekunde 12, una lita 6,000 kwa saa. Ikifika sekunde 20, una 3,600, na bakteria wako wanapata pungufu. Rudia kipimo hicho kila mwezi, maana utelezi hujenga ndani ya bomba na kulipunguza upana polepole, na ndoo itakuonyesha kabla samaki hawajaanza kuelea.