Samaki Wakifa, Tazama Maji Kwanza

Mkulima mwenye bwawa, iko asubuhi utakayokwenda kutazama samaki wako ukute wengine wameelea matumbo juu. Shauri letu ni kwamba usikimbilie dukani. Dawa za ng'ombe na kuku hazikutengenezwa kwa ajili ya samaki, na mara nyingi samaki hao hawana ugonjwa wo wote. Ni maji yao yaliyoharibika. Mtu anayemwaga dawa katika maji mabaya hupoteza pesa leo, na kesho hupoteza samaki waliobaki.

Kabla ya kuwaondoa waliokufa, simama ukingoni uhesabu. Ni wangapi? Ni wakubwa au wadogo? Walikufa usiku mmoja, au wamekuwa wakifa wachache kila siku? Kwa maswali haya matatu waweza kujua mengi kuliko kwa kumtazama samaki mmoja mkononi.

Ikiwa wamekufa wengi usiku mmoja, na wengi wao ni wale wakubwa, huenda walikosa hewa. Mimea midogo inayofanya maji yawe ya kijani hutoa hewa mchana kwa nguvu za jua, lakini usiku huivuta kama samaki wenyewe wavutavyo. Kwa hiyo hewa ni chache kabisa karibu na mapambazuko. Samaki mkubwa huhitaji hewa nyingi, naye hufa kwanza. Waliobaki utawaona juu ya maji wakipanua vinywa, na jua likipanda huzama tena chini kana kwamba hakuna lililotokea. Usidanganyike, kesho watarudi juu. (Lakini kambare ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, na kupanda kwake mara kwa mara ni desturi yake.)

Chanzo cha taabu hii kwa kawaida ni mbolea au chakula kilichozidi, hasa siku za mawingu mengi. Ingiza mkono majini mpaka kiwiko. Ikiwa kiganja chapotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, na maji ni ya kijani kizito, umezidisha. Acha mbolea, acha chakula siku mbili au tatu, fungua mfereji uingize maji mapya, na yale machafu uyatoe kutoka chini ya bwawa. Asiye na mfereji ayachote maji na kuyarusha juu ili yaanguke kama mvua, au atumie pampu ya kumwagilia mboga. Kazi hii hufanywa alfajiri. Ukingoja baada ya chai umechelewa.

Wakifa wote pamoja, wakubwa na wadogo, hata vyura na wadudu wa majini, shuku sumu. Tangu viwavijeshi vamizi vilipoingia magharibi ya Kenya mwaka 2017, pampu za dawa zimekuwa nyingi katika mahindi yetu. Dawa nyingi za wadudu, na nyingine za kuogeshea ng'ombe kwa sababu ya kupe, zimefanywa kwa mfano wa pareto. Ng'ombe hadhuriki, lakini samaki huuawa na kiasi kidogo mno. Pampu iliyooshwa katika kijito huko juu yatosha kuua bwawa lililo chini. Hapa hakuna dawa. Funga mfereji mpaka maji machafu yapite, samaki hao wasiliwe, kisha nenda ukaseme na jirani yako kwa upole, kwa maana yawezekana hakujua.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huja polepole: leo wawili, kesho wanne, kesho kutwa saba. Samaki huacha kula, hujitenga, hujisugua chini au kwenye kingo. Mshike mmoja aliye hai bado. Funua shavu utazame matamvua, ambayo yapasa kuwa mekundu safi. Yakiwa meupe au yamejaa ute, kuna shida. Tazama ngozi, mapezi na macho.

Ngozi ikiwa na kitu kama pamba, hiyo ni kuvu. Kuvu hushika mahali palipochubuliwa, na hupenda maji ya baridi, na hapa wakulima wa Kitale wana taabu kuliko wenzao wa Bungoma. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na mji wa Bungoma karibu mita 1,400. Tilapia, ambao wengi wenu huwaita ngege, hupenda maji ya joto la digrii 25 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 hula kidogo na nguvu za kupigana na maradhi hupungua. Basi katika baridi ya Juni na Julai punguza chakula, na usivute wavu wala kuhamisha vifaranga pasipo lazima. Mchubuko mdogo wa mwezi wa Julai huleta pamba.

Samaki wachache wenye pamba waweza kuwaogesha kwa chumvi. Pima lita 15 za maji ya bwawa katika debe, tia gramu 150 za chumvi, koroga mpaka iyeyuke, kisha waweke humo wachache kwa wachache kwa dakika 20, zisizidi 30. Usiondoke. Samaki akilala ubavu, mtoe upesi umrudishe katika maji safi.

Lakini usifikiri kutia chumvi bwawa zima. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuwachimbia wakulima mabwawa katika mpango wa kufufua uchumi, kipimo kilikuwa mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Bwawa hilo likiwa na kina cha mita moja lina lita 300,000. Hata kwa gramu 3 tu kwa lita utahitaji kilo 900, yaani magunia 18 ya kilo 50, na maji hayo yakitoka yataharibu bustani yako.

Madoa meupe kama punje za chumvi ni mdudu mdogo aliyejificha ndani ya ngozi. Dawa haimfikii humo. Humwua atokapo kuogelea akitafuta samaki mwingine. Ndiyo sababu wanaofuga samaki wa mapambo katika sanduku la kioo hutibu mara moja, wakaona madoa yamerudi. Tiba hurudiwa, na katika maji ya baridi huchukua muda mrefu zaidi kwa kuwa mdudu hukua polepole.

Vidonda vyekundu, tumbo lililovimba au macho yaliyotokeza huonyesha vijidudu vya bakteria. Usitumie dawa za kuua vijidudu bila daktari wa mifugo kukuamuru, maana dawa isiyofaa au isiyopimwa huwafanya vijidudu wawe sugu, na mabaki yake huliwa na watoto wako.

Tena, usiazime wavu wala kununua vifaranga usivyojua asili yake. Kuna kirusi cha tilapia kilichoelezwa mara ya kwanza mwaka 2014 huko Israeli, na uchunguzi wa mwaka 2018 ulionyesha dalili zake katika Ziwa Victoria, upande wa Uganda na Tanzania. Hakina dawa. Ninyi wa Tongaren, Naitiri na Ndalu, ambao mashamba yenu yamepakana, mfereji mmoja wapitia kwa wengi. Ugonjwa wa mmoja hushuka kwa mwingine.

Ukishindwa kutambua, nenda kwa Bwana Samaki wa kaunti. Mchukulie samaki wawili au watatu walio wagonjwa lakini hai, katika ndoo ya maji ya bwawa, na chupa safi ya maji iliyojazwa mpaka juu. Samaki aliyekufa tangu jana amekwisha kuoza ndani na hawezi kumwonyesha lo lote. Mwambie hesabu ya kila siku, chakula ulichotoa, na dawa iliyonyunyizwa karibu. Waliokufa wafukie mbali na bwawa, uwafunike kwa chokaa, mbwa wasiwafukue.