Frateri, kuna ubaya gani tukienda Zanzibar pamoja?



Wapendwa vijana, kuna kaka mmoja alinivuta pembeni baada ya Misa. "Frateri, mimi na mchumba wangu tunaenda Paje siku nne. Mahari nimeshatoa, ndoa ni Desemba. Vyumba viwili ni hela nyingi, tumechukua kimoja. Kuna ubaya gani?"

Nilimjibu, "Ni dhambi," basi. Akaondoka kimya. Sikumdanganya, ila sikumsaidia. Leo nijaribu tena.

1. Kupumzika ni kwema. Yesu mwenyewe aliwaita mitume wake kando wapumzike (Mk 6:31). Bahari ni kazi ya Mungu, na wachumba kukaa Forodhani jioni wakila urojo na kucheka si kosa. Kwa hiyo shida siyo Zanzibar.

2. Likizo haitoshi kumjua mtu. Mwanafalsafa Aristotle alitaja urafiki wa aina tatu: wa faida, wa raha, na wa kumtakia mwenzako mema kwa ajili yake mwenyewe. Ule wa raha huisha raha ikiisha. Sasa, ufukweni kila mtu ni mzuri! Umelala, umeshiba, hakuna bosi. Wengi husema, "Tunaenda ili tujuane." Utamjua zaidi siku mama yake anaumwa na hela hakuna.

3. Mwili nao husema. Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha hivyo katika katekesi zake za Jumatano, kati ya 1979 na 1984. Tendo la ndoa husema: "Mimi ni wako wote, mpaka kifo." Kabla ya kiapo, mwili unaahidi kitu ambacho mdomo bado haujaahidi. Mahari je? Mahari ni heshima kati ya familia mbili, lakini ndoa yenu itafungwa kwa ridhaa mtakayotoa mbele ya Mungu na Kanisa. Ndiyo maana Katekisimu (namba 2350) inawaalika wachumba waishi usafi wa moyo kwa kujizuia. Na tusidanganyane kwamba "tutalala tu". Chovya chovya humaliza buyu la asali.

4. Maji yakikupwa. Paje iko pwani ya mashariki ya Unguja. Maji yakikupwa, bahari hurudi mbali sana, unabaki mchanga na majani. Mgeni hulalamika kwamba hawezi kuogelea. Lakini ndio wakati kina mama wanaolima mwani huingia kazini. Wao hawasubiri bahari ipendeze.

Ndoa nayo ina saa zake za kupwa. Mke amejifungua, mume yuko kazini mkoa mwingine, mmoja anaumwa miezi mitatu. Hapo mwili utaambiwa usubiri, na utasubirije kama haujawahi kujifunza? Kaka, ukisubiri mpaka Desemba humkomoi mchumba wako. Unamwonyesha kwamba siku ya kupwa hutamkimbia. Tobia na Sara walianza usiku wao wa kwanza kwa sala (Tob 8), kwa sababu walitaka kuzeeka pamoja.

5. Mfanyeje basi? Nendeni na marafiki au ndugu, mabinti chumba chao, wavulana chao. Kama mko Dar, pandeni boti ya asubuhi, mrudi na ya jioni. Ikiwa Jumapili, salini Minara Miwili, kanisa la Mtakatifu Yosefu pale Mji Mkongwe. Mitaani vaeni kwa staha, maana wenyeji wetu wengi ni Waislamu na heshima ni sehemu ya ushuhuda wetu. Na kama mmeshaanguka, msijifiche. Kitubio kipo, na Mungu hachoki kusamehe. Paje itawasubiri mpaka mkiwa mume na mke.

Tujiulize: Je, ninampenda mwenzangu, au ninapenda ninavyojisikia nikiwa naye? Ni lini mara ya mwisho tulisali pamoja?

Tuombe: Ee Bwana, uliyeziumba bahari na mioyo yetu, utufundishe kusubiri bila kinyongo na kupenda hata maji yanapokupwa. Amina.

Kaka yangu, kama unasoma hapa, nisamehe kwa jibu la siku ile. Nakuombea, wewe na dada yetu.