Dumu Tupu

Dumu la lita 20 likijaa maji huwa na uzito wa kilo 20 na ushee, kwa kuwa kila lita ya maji ni kilo moja. Aliyezoea kubeba maji analiendea pale kwenye kona ya jiko, anainama, anapanua miguu kidogo, anakaza kiuno na kushika mpini. Yote hayo anayafanya kabla uzito haujamfikia. Sasa tuseme kuna aliyetangulia asubuhi akayamimina maji yote pipani bila kumwambia mtu, na dumu lenyewe ni lile la njano lililokuwa la mafuta ya kula, huoni kilichomo ndani. Mkono unapaa. Dumu linaruka mpaka karibu na kifua, na mwenyewe anayumba hatua moja nyuma.

Tutulie kidogo kwenye hatua hiyo moja ya nyuma. Nguvu ya kuinua kilo 20 ilitoka kabla mkono haujapata habari yoyote ya uzito. Macho yaliona dumu, kumbukumbu ikasema jana lilikuwa limejaa, misuli ikapokea amri. Mkono uliinua dumu lililotarajiwa, na lile lililokuwepo likaja baadaye kuusahihisha.

Kwa nini ubongo usisubiri? Ungegusa kwanza, ukapima, ndipo ukaamuru. Jibu ni kwamba kusubiri kunakula muda, na muda wenyewe ni mchache kuliko tunavyodhani. Habari za mwili husafiri ndani ya neva, na neva haina kasi ya waya wa umeme. Zile za haraka kuliko zote hupeleka habari kwa takriban mita 100 kwa sekunde. Zile nyembamba zinazobeba maumivu mazito ya kuunguza huenda kama mita moja tu kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Ndiyo maana ukijigonga kidole cha mguu kwenye ukingo wa kitanda, kwanza unajua umejigonga, unapata hata nafasi ya kuvuta pumzi, halafu ndipo maumivu yenyewe yanapowasili.

Tupige hesabu ya penalti. Mpira umewekwa mita 11 kutoka golini. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, yaani karibu mita 28 kwa sekunde, utavuka mstari baada ya sekunde 0.4. Kuona tu na kuanza kuitikia kunamla kipa kama sekunde 0.2. Anabakiwa na sekunde 0.2 nyingine kuufikia mpira unaoelekea kwenye nguzo iliyo mita 3.66 kutoka aliposimama. Kipa anayengoja kuona mpira unakwenda wapi ameshafungwa. Kwa hiyo husoma nyonga ya mpigaji na mguu wake uliosimama, kisha huruka kuelekea mahali ambapo mpira haujafika. Sisi wote tunaishi hivyo, hata tukiwa tunashuka ngazi za nyumbani: mwili umekwisha kukanyaga ngazi inayofuata kabla unyayo haujaigusa, na usiku, ngazi zikiwa pungufu kwa moja kuliko ulivyodhani, moyo unaruka.

Mpaka hapa utabiri huu unasaidia mwendo. Lakini umeingia ndani zaidi, mpaka kwenye kile tunachokihisi, na hili nakuomba ulijaribu mwenyewe. Chukua makopo mawili, moja la nyanya la gramu 400 na jingine kubwa la maziwa ya unga. Tia mchanga katika kila moja mpaka mizani ya dukani isome gramu 500, kopo pamoja na mchanga. Yafunike, kisha mpe mtu ayainue moja baada ya jingine. Atakuapia kwamba lile dogo ni zito zaidi. Augustin Charpentier, daktari wa Ufaransa, alilieleza jambo hili mwaka 1891, na tangu hapo limerudiwa mara nyingi mno.

Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalikuwa mepesi. Mkono unatarajia kopo kubwa liwe zito, unalivuta kwa nguvu nyingi, linapanda haraka, kwa hiyo linaonekana jepesi. Ni dumu tupu lilelile. Mwaka 2000 Randall Flanagan na Michael Beltzner, watafiti wa Kanada, wakapima nguvu ya vidole vya watu waliokuwa wakiinua vitu vya namna hiyo tena na tena. Waligundua kwamba baada ya kuinua mara chache vidole vinajifunza. Vinatoa nguvu iliyo sahihi kwa kikubwa na kwa kidogo, bila kukosea. Lakini mwenye vidole bado anasema kidogo ni kizito. Mimi naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika mada hii. Matarajio ya mkono husahihishwa ndani ya dakika chache. Matarajio ya hisia yamejengwa na maisha mazima ya kushika vitu vikubwa vilivyokuwa vizito, nayo hayakubali kushindwa na ushahidi wa asubuhi moja. Hata wewe uliyepima mchanga kwa mikono yako utahisi hivyohivyo.

Tumbo nalo hutangulia. Kila aliyefunga Ramadhani anazijua dakika za mwisho kabla ya adhana ya Magharibi, tende ziko kwenye sahani na mate yameshajaa mdomoni. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwa mbwa wake kwamba mate na juisi za tumbo huanza kutoka kabla chakula hakijafika.

Furaha je? Dopamini imezoeleka kuitwa kemikali ya raha, na jina hilo linapotosha. Wolfram Schultz, alipokuwa akifanya utafiti Uswisi, alisikiliza seli za dopamini ndani ya ubongo wa kima, seli moja moja. Kima alipopewa tone la juisi asilolitegemea, seli zilichachamaa. Kisha kila mara kabla ya juisi ikatangulia ishara. Baada ya mazoezi, seli zikawa zinachachamaa ishara inapotokea, na juisi yenyewe ilipofika hazikushtuka kabisa. Juisi ileile, ulimi uleule. Na pale ishara ilipotolewa halafu juisi isije, seli zilinyamaza kwenye nukta ileile ambayo juisi ilipaswa kufika. Mwaka 1997 Schultz, Peter Dayan na Read Montague waliandika kwamba seli hizi hupiga hesabu ya kutoa: kilichopatikana, toa kilichotarajiwa. Hapo utaelewa kwa nini shilingi elfu kumi za ghafla kutoka kwa mjomba zinakufurahisha siku nzima, na shilingi elfu kumi hizohizo zikikukuta ulikuwa unangoja elfu hamsini zinakunyong'onyeza.

Upande wa maumivu ndio unaonigusa zaidi, kwa sababu hapo watu wanaumizwa bila ulazima. Angalia siku ya chanjo kliniki. Mtoto haanzi kulia sindano inapomgusa. Ameanza kulia tangu kwenye benchi, aliposikia mwenzake akilia nyuma ya pazia. Gregory Berns na wenzake huko Atlanta, Marekani, mwaka 2006 waliwapa watu waliojitolea shoti ndogo za umeme mguuni baada ya kuwaambia wasubiri, wakati mwingine karibu nusu dakika. Wapo waliochukia kungoja kiasi kwamba walichagua shoti kali zaidi ije upesi kuliko shoti dhaifu ya baadaye. Katika picha za ubongo, sehemu zinazoshughulikia maumivu zilikuwa zimeshaamka wakati wa kusubiri. Kungoja kuumia ni maumivu yaliyokwisha kuanza.

Na dawa nazo hukutana na matarajio njiani. Mwaka 2011, Oxford nchini Uingereza, Ulrike Bingel, Irene Tracey na wenzao waliwachukua watu 22 wenye afya, wakawawekea kifaa cha joto linalouma mguuni na dripu mkononi. Kila mmoja alitaja maumivu yake kwa kipimo cha 0 hadi 100. Bila dawa, wastani ulikuwa 66. Kisha dawa kali ya jamii ya mofini, remifentanili, ikaanza kuingia bila wao kujua, na wastani ukashuka kufika 55. Wakaambiwa dawa inaanza sasa, ingawa ilikuwa inaendelea kwa kiasi kilekile, na maumivu yakashuka mpaka 39. Mwishowe wakaambiwa dawa imesimamishwa na huenda maumivu yakaongezeka. Haikuwa imesimamishwa, ilikuwa bado inatiririka ndani ya mishipa yao. Maumivu yakarudi 64.

Soma tena namba hizo. Neno moja liliongeza nguvu ya dawa zaidi ya mara mbili, na neno jingine likaifuta karibu yote. Picha za ubongo zilionyesha kwamba sehemu za maumivu zenyewe zilipanda na kushuka kufuata matarajio, kwa hiyo watu hawa hawakuwa wakijisemea tu kumfurahisha daktari. Mwili una dawa zake za ndani zinazofanana na mofini, na mtu anapotarajia nafuu huzitoa. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields waliona kwamba wagonjwa waliong'olewa meno wakapata nafuu kwa dawa ya bandia, isiyo na dawa yoyote ndani, walianza kuumia zaidi walipopewa naloksoni, dawa inayozuia kazi ya mofini.

Hapa lazima niweke mpaka, kwa maana wapo wanaouza matumaini kwa bei kubwa. Matarajio hayaui vimelea vya malaria, hayaungi mfupa, hayashushi sukari ya mgonjwa aliyeacha insulini. Yana nguvu kwenye kile tunachokihisi, hasa maumivu, hofu na kichefuchefu. Anayekuahidi zaidi ya hapo mkimbie.

Lakini ndani ya mpaka huo kuna kazi ya kufanya kesho asubuhi, na haihitaji bajeti. Muuguzi, ukimpa mgonjwa dawa ya maumivu usiiingize kimyakimya kwenye dripu, mwambie, "Mama, nimekuwekea dawa ya maumivu sasa hivi, utaanza kupata nafuu." Mzazi, usimwambie mtoto kwamba sindano haiumi, kwa sababu itauma, na siku nyingine hatakuamini. Mwambie itauma kidogo kama kubanwa na ukucha, hesabu moja mpaka tano iishe. Na zamu yake ikiwa bado, mtoe kwenye lile benchi la karibu na pazia, mkasubiri nje.